Joy Adamson: Mwanamama aliyeuza kisa cha simba wake kwa walimwengu

JINA la Joy Adamson si geni kwa wakazi wa Afrika Mashariki waliokulia katika enzi za majumba ya sinema. Huyu ndiye mwanamama aliyemlea simba jike aliyeitwa Elsa katika nyika za kaskazini mwa Kenya, akamrudisha porini, kisha akakiandika kisa hicho katika kitabu cha Born Free ambacho mwaka 1966 kilionyeshwa kama filamu na kuzunguka dunia nzima.

Kisichofahamika sana ni namna maisha ya mtu mmoja na mnyama wake yalivyogeuzwa bidhaa ya kuuzwa kwenye sinema, nani alinufaika na mauzo hayo, na nani aliachwa nyuma. Maswali hayo yangali na uzito leo, wakati Waafrika Mashariki wengi wenye visa vya kusisimua wanafuatwa na watayarishaji wa filamu wakiwa na mikataba mkononi.

Joy alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa sehemu ya himaya ya Austria na Hungaria. Mji huo leo unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Cheki. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Jina la Joy, lenye maana ya furaha, alilipata ukubwani.

Alikuwa binti wa familia yenye uwezo, lakini ndoa ya wazazi wake ilivunjika akiwa bado mtoto. Bibi yake ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya malezi yake. Katika jiji la Vienna alijifunza kupiga piano kwa kiwango cha juu, akagusa uchongaji wa vinyago, ushonaji na hata masomo ya utangulizi ya udaktari, bila ya kutulia katika fani yoyote.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara wa Austria mwenye asili ya Kiyahudi. Wakati huo utawala wa Hitler katika nchi jirani ya Ujerumani ulikuwa umekwisha kuonyesha makucha yake, na mume huyo akaanza kutafuta mahali pa kuhamia. Mwaka 1937 alimtuma mkewe Kenya kwenda kuangalia kama panafaa.

Joy alipanda meli kuja Mombasa, na humo melini akakutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Kabla ya mume kufika, moyo wa mke ulikuwa umekwisha kuhama. Ndoa ya kwanza ilivunjwa, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Ni Bally huyo aliyembandika jina la Joy, ambalo alilitumia hadi kufa.

Akiandamana na mumewe huyo katika safari za kukusanya mimea, Joy aligundua kipaji ambacho Vienna haikumwonyesha. Alichora maua na mimea ya Afrika Mashariki kwa ustadi uliowavutia wataalamu, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell.

Hata hivyo, ndoa ya pili nayo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 1942 alikutana na George Adamson, ofisa wa wanyamapori, au bwana nyama kama watu wa enzi hizo walivyowaita maofisa wa idara hiyo. George alizaliwa India mwaka 1906, akaja Kenya mwaka 1924, na baada ya kujaribu kazi nyingi aliajiriwa na Idara ya Wanyamapori mwaka 1938. Eneo lake la kazi lilikuwa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, nchi kame ya Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali. Walifunga ndoa Januari 1944.

Mchoraji wa watu wa Kenya

Kabla ya simba kuingia katika maisha yake, Joy alikuwa tayari amefanya kazi ambayo ingetosha kulihifadhi jina lake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, alizunguka nchi akichora picha za watu wa makabila mbalimbali wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi.

Aliwachora wazee wa kimila, vijana waliotoka jandoni, mabibi harusi na waganga. Mengi ya mavazi aliyoyachora yalikuwa yanaanza kutoweka. Mamia ya picha hizo yalibaki Kenya, na sehemu kubwa ilihifadhiwa na Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Kitabu chake kuhusu watu hao kilitoka mwaka 1967.

Lakini dunia haikumjua kwa picha hizo. Ilimjua kwa tukio lililotokea Februari 1, 1956.

Siku hiyo George alikuwa kazini akimsaka simba aliyekuwa ameua mtu, alipovamiwa ghafla na simba jike. Alimpiga risasi. Muda mfupi baadaye aligundua ni kwa nini mnyama huyo alikuwa mkali kiasi kile: katika mwanya wa mwamba mlikuwamo watoto watatu wa kike, wadogo mno.

George aliwabeba hadi kambini kwa mkewe. Joy, ambaye hakujaliwa kupata mtoto katika ndoa zake zote tatu, aliwalea kwa maziwa ya chupa. Walipokua, wawili walio wakubwa walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam nchini Uholanzi. Yule mdogo kuliko wote, Elsa, alibaki nyumbani Isiolo.

Elsa aliishi kama mtu wa familia. Alisafiri juu ya gari, alilala kambini na aliogelea baharini walipokwenda pwani. Lakini simba mkubwa hawezi kubaki mtoto wa nyumbani milele. Joy na George walikuwa na njia mbili tu: kumpeleka kwenye kizimba Ulaya kama dada zake, au kumfundisha kuwinda na kuishi mwituni.

Walichagua njia ya pili. Jaribio la kwanza lilishindwa, na Elsa akaugua. Baadaye walimhamishia eneo la Meru, karibu na mto Ura, ambako polepole alijifunza kujilisha mwenyewe. Hatimaye alipata dume la mwituni, na Desemba 1959 akazaa watoto watatu, ambao Joy aliwaita Jespah, Gopa na Elsa Mdogo.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba Elsa aliwaleta watoto hao kambini kuwaonyesha walezi wake, kisha akarudi nao porini. Simba aliyelelewa na binadamu alikuwa anaishi katika dunia mbili bila ya kuikana hata moja.

Kutoka shajara hadi kitabu

Joy alitambua mapema kwamba alikuwa na kisa kisicho cha kawaida. Yeye na George walikuwa wakipiga picha na kuandika shajara tangu wanasimba walipofika. Kwa hiyo alipoketi kuandika, hakutegemea kumbukumbu pekee. Alikuwa na tarehe, picha na maelezo ya kila hatua, mengi yakiwa yameandikwa kwa mkono wa mumewe.

Jambo hilo lina umuhimu wa pekee. Kitabu cha Born Free kilitoka kwa jina la Joy, lakini ndani yake mna jasho la watu zaidi ya mmoja. Shajara za George zilitumika. Nuru, mtumishi wa nyumbani, ndiye aliyepewa kazi ya kuwaangalia wanasimba siku kwa siku. Makedde, askari wa wanyamapori kutoka kabila la Waturkana, alitembea na Elsa porini akiwa na bunduki begani. Majina yao yamo kitabuni, lakini jina la jaladani ni moja.

Mwanzoni kitabu hicho hakikupata soko. Wachapishaji kadhaa wa London waliukataa mswada kabla ya kampuni ya Harvill, iliyokuwa chini ya Collins, kuukubali. Kilipotoka mwaka 1960 kiliuzwa kwa kasi ambayo hata wachapishaji hawakuitarajia, katika Uingereza na Marekani, kisha kikatafsiriwa katika lugha nyingi.

Picha zilichangia sana. Msomaji wa Ulaya aliweza kumwona kwa macho yake mwanamke akiwa amelala kando ya simba mzima, na akaamini. Mwaka huo huo wa 1960 mtangazaji David Attenborough wa BBC alifika kambini Meru kumpiga Elsa picha za televisheni, na kipindi chake kilionyeshwa mwaka 1961.

Wakati umaarufu huo ukipanda, mhusika mkuu mwenyewe alikuwa anakaribia mwisho wake. Januari 1961, Elsa alikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Alizikwa Meru, karibu na mto aliouzoea. Hakuwa ametimiza hata miaka mitano tangu kutolewa mwambani.

Watoto wake watatu walibaki bila mlezi na wakaanza kuvamia mbuzi wa wafugaji wa jirani. Mmoja alichomwa mshale ambao ncha yake ilibaki mwilini. Kwa wafugaji hao, simba wa kitabuni alikuwa ni hasara ya zizini. Baada ya juhudi kubwa, wanasimba hao walikamatwa na mwaka 1961 wakahamishiwa Serengeti, nchini Tanganyika wakati huo, ambako walitokomea katika nyika pana. Joy aliwatafuta kwa muda mrefu.

Matukio hayo aliyaandika katika vitabu vingine viwili, Living Free cha mwaka 1961 na Forever Free cha mwaka 1962. Kisa cha Elsa sasa kilikuwa mfululizo, na watu wa sinema wakaanza kubisha hodi.

Kisa chaingia sokoni

Filamu ilitayarishwa na Sam Jaffe na Paul Radin, na kusambazwa na kampuni kubwa ya Marekani, Columbia. Kazi ya kwanza ilikuwa kuamua ni kipande gani cha maisha ya Joy kinachoweza kukaa katika saa moja na nusu ya sinema.

Hapo ndipo kisu kilipopita. Troppau haikuingia, wala Vienna. Waume wawili wa kwanza hawakutajwa, na picha za makabila ya Kenya hazikupewa nafasi. Kati ya zaidi ya miaka 50 ya maisha ya mwanamama huyo, sinema ilichukua miaka minne tu: tangu wanasimba walipopatikana mwambani hadi Elsa aliporudi kuwaonyesha watoto wake.

Kibiashara, uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Mtazamaji alipewa mwanzo ulio wazi, mashaka katikati, na mwisho wa kumpangusa machozi huku akitabasamu. Filamu ilipotoka Elsa alikuwa amekufa miaka mitano iliyopita, lakini kwenye sinema anaonekana akiondoka na watoto wake, mzima na huru.

Kuna kingine kilichoachwa. Miaka ambayo Elsa alikuwa akikua ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa na wakoloni mwaka 1952 kupambana na Mau Mau na kuondolewa mwaka 1960. Filamu ilipigwa wakati Kenya imekwisha kupata uhuru, Desemba 1963. Lakini Kenya ya kwenye filamu ni nchi ya mbuga na wanyama, na wenyeji wake ni wasaidizi wa kambini. Nuru na Makedde wameigizwa, lakini wamepewa nafasi ndogo kuliko waliyokuwa nayo katika maisha ya kweli ya Elsa.

Mswada wenyewe ulikuwa na siri yake. Jina lililowekwa kwenye filamu kama mwandishi ni Gerald L.C. Copley. Mtu huyo hakuwapo. Mwandishi halisi alikuwa Lester Cole, mmoja wa watu kumi wa Hollywood waliofungwa jela mwaka 1950 kwa kukataa kuijibu kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti, kisha wakanyimwa kazi na kampuni za filamu. Kwa hiyo filamu iliyosifu uhuru iliandikwa na mtu asiyekuwa huru kuweka jina lake.

Upigaji picha ulianza mwaka 1964 katika eneo la Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Mwongozaji aliyemaliza kazi hiyo alikuwa James Hill. Nafasi ya Joy ilichezwa na Virginia McKenna, na ya George ikachezwa na Bill Travers, waigizaji wa Uingereza waliokuwa mke na mume katika maisha ya kweli.

Awali ilitarajiwa kwamba simba waliozoeshwa sarakasi huko Ulaya ndio wangefanya kazi kubwa, lakini hawakuonyesha mapenzi yaliyohitajika kwa binadamu. George, aliyeajiriwa kuwa mshauri wa filamu, alitaka watumike simba waliolelewa kwa upole. Miongoni mwa waliopatikana walikuwa Boy na Girl, ndugu wawili waliokuwa wakifugwa na kikosi cha jeshi la Uingereza kilichokuwa Kenya, pamoja na dume aliyeitwa Ugas.

McKenna na Travers walikubali kutembea na simba hao kila siku ili wazoeane. Haikuwa kazi ya mchezo. McKenna alivunjika kifundo cha mguu aliporukiwa na Boy, lakini alipopona alirudi kazini na kuendelea na simba yule yule.

Machi 1966 filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza jijini London mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka uliofuata muziki wake, uliotungwa na John Barry, ulipata tuzo mbili za Oscar, moja kwa muziki wa filamu na nyingine kwa wimbo ambao mashairi yake yaliandikwa na Don Black. Watu ambao hawakuwahi kufungua kitabu cha Joy sasa waliuimba wimbo wa simba wake.

Waliolipwa na waliosahauliwa

Baada ya kamera kuzimwa likazuka swali la simba walioigiza. Joy, George na waigizaji wawili walitaka warudishwe porini, kama kisa chenyewe kilivyohubiri. Wenye filamu hawakuwa na mawazo hayo. Wengi wa simba hao waliishia katika bustani za wanyama, baadhi yao nchini Uingereza, wakitazamwa nyuma ya vyuma na watoto waliotoka kuiona filamu ya uhuru.

Watatu pekee, Boy, Girl na Ugas, walikabidhiwa George, naye akawapeleka Meru kuwafundisha maisha ya mwituni. McKenna na Travers hawakulisahau jambo hilo. Mwaka 1984 walianzisha kampeni ya kutetea wanyama waliofungiwa, ambayo baadaye ikawa taasisi ya Born Free, inayofanya kazi hadi leo.

Kwa upande wa fedha, Joy alifanya uamuzi ambao watu wengi hawaufahamu. Mrabaha wa vitabu na mapato yake ya filamu aliyaelekeza katika mfuko wa kuhifadhi wanyama ulioitwa kwa jina la Elsa, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1963 na baadaye kuwa na matawi katika nchi nyingine. Hifadhi ya Meru ilikuwa miongoni mwa walionufaika.

Hapana shaka kwamba huo ulikuwa ukarimu wa kweli. Lakini ukarimu huo ulikuwa na upande wa pili. George, ambaye risasi yake ndiyo iliyoanzisha kisa na ambaye shajara zake zilikijenga kitabu, hakuwa na mgawo wa uhakika. Alistaafu serikalini mwaka 1961, na kwa miaka mingi aliishi maisha ya shida akiwalisha simba wake kwa pensheni ndogo na misaada. Suala la fedha lilikuwa moja ya mambo yaliyowagombanisha.

George naye aliandika kitabu cha maisha yake mwaka 1968, akakiita Bwana Game. Kwa hiyo nyumba moja ikawa na visa viwili vya simba wale wale, kila kimoja kikiwa na mmiliki wake.

Ndoa hiyo, iliyoonyeshwa kwenye sinema kuwa ya upendo mtulivu, ilikuwa na dhoruba nyingi. Joy alikuwa mtu wa hasira za haraka, mwenye kudai mengi kwa wafanyakazi wake na kwa mumewe. Kufikia miaka ya 1970 waliishi mbalimbali. George alihamia Kora, kando ya mto Tana, mwaka 1970. Joy alikuwa na nyumba yake Naivasha, kando ya ziwa, aliyoiita Elsamere, ingawa muda mwingi aliutumia kambini.

Hawakuachana kisheria, na mara nyingi walikutana wakati wa Krismasi. Lakini kila mmoja alikuwa na wanyama wake. George alibaki na simba. Joy alimlea duma aliyeitwa Pippa huko Meru hadi alipokufa mwaka 1969. Mwaka huo huo ajali ya gari iliuumiza vibaya mkono wa kulia wa Joy, na piano aliyoipenda tangu Vienna ikawa kazi ngumu kwake.

Simba wa filamu nao walileta balaa. Mwaka 1969 Boy alimjeruhi mtoto wa mhifadhi wa Meru, na mwaka 1971 huko Kora akamuua mfanyakazi wa George. George alilazimika kumpiga risasi simba aliyekuwa kipenzi cha watazamaji duniani kote. Tukio hilo liliwapa nguvu waliosema kwamba simba aliyezoea harufu ya binadamu ni hatari kuliko yule asiyemjua kabisa.

Sinema haikusita. Filamu ya pili ilitoka mwaka 1972 ikiwa na waigizaji wapya, na mwaka 1974 kisa kikafanywa mchezo wa televisheni nchini Marekani. Kwa wakati huo Elsa hakuwa tena mnyama aliyezikwa kando ya mto Ura. Alikuwa jina la biashara, na visa vipya vilitungwa ambavyo havikuwahi kutokea.

Mwisho wa Shaba

Kambi ya mwisho ya Joy ilikuwa katika hifadhi ya Shaba, karibu na Isiolo, alikoanzia. Huko alimlea chui aliyeitwa Penny kwa lengo lile lile la kumrudisha porini. Mwaka 1978 alichapisha kitabu cha maisha yake yote, kilichorudisha mambo ambayo sinema iliyakata: Troppau, Vienna, ndoa tatu na michoro.

Jioni ya Januari 3, 1980 alitoka kambini kwa matembezi yake ya kawaida. Alikutwa njiani akiwa amekufa. Habari za mwanzo zilizosambaa duniani zilisema ameuawa na simba, na watu wengi waliamini mara moja, kwani ndiyo hatima ambayo msomaji wa visa vyake angeitarajia.

Uchunguzi ulionyesha kwamba majeraha yake yalitokana na silaha kali. Kijana aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alikamatwa, akashitakiwa na kutiwa hatiani mwaka 1981. Hakuhukumiwa kunyongwa kwa sababu mahakama iliona huenda hakuwa ametimiza umri wa miaka 18 wakati wa tukio. Hivyo, mwanamke aliyelala kando ya simba bila ya kudhurika aliuawa na binadamu mwenzake, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70.

Mwili wake ulichomwa, na majivu yakapelekwa Meru kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George aliendelea kuishi Kora hadi Agosti 20, 1989, alipouawa na majambazi akijaribu kumwokoa mgeni wake. Alikuwa na umri wa miaka 83. Mwaka 1999 naye alipata filamu yake, To Walk with Lions, ambamo aliigizwa na Richard Harris.

Elsamere ilifanywa kituo cha elimu ya mazingira chenye makumbusho ya Joy, na kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakifika hapo, wakanywa chai kwenye bustani iliyo kando ya Ziwa Naivasha na kutazama mashine yake ya kuchapia na picha zake. Wengi hufika kwa sababu ya filamu, kisha hushangaa kukuta kwamba mwenye nyumba alikuwa mchoraji.

Maisha ya Joy Adamson yanaacha fundisho kwa yeyote mwenye kisa kinachoweza kununuliwa. Yeye alikuwa na mambo ambayo wengi hawana: shajara zenye tarehe, picha, kitabu kilichotangulia filamu, na jina lililoandikwa juu ya kazi hiyo. Kwa sababu hizo watu wa sinema walilazimika kuzungumza naye, na alikuwa na uwezo wa kuamua mapato yake yaende wapi.

Wengine waliokuwamo katika kisa hicho hicho hawakuwa na karatasi. Nuru aliyewalea wanasimba na Makedde aliyemlinda Elsa walibaki kuwa wahusika katika kitabu cha mtu mwingine. Wafugaji waliopoteza mbuzi hawakuwa na sauti kabisa. Simba walioigiza walirudi vizimbani.

Mwenye shamba huvuna, lakini katika biashara ya visa mwenye shamba ni yule aliyeandikisha mipaka yake kabla ya mnunuzi kufika. Joy alilielewa hilo mapema kuliko wenzake, na ndiyo maana hadi leo dunia inakumbuka kwamba Elsa alikuwa simba wake, wakati nyayo za waliotembea naye porini zimefutika mchangani.